Somo: Meli imekamatwa Mombasa, mwenye meli aanzie wapi?

Tuchukue mfano mmoja. Meli imetia nanga nje ya Mombasa ikisubiri zamu ya kuingia Kilindini. Anapanda ofisa wa mahakama na amri ya kuikamata, anaibandika kwenye daraja la nahodha. Muuza mafuta anadai hajalipwa. Nahodha anampigia wakala, wakala anampigia mwenye meli, naye anaapa hakuagiza hata lita moja. Anasema kweli: aliyeagiza ni kampuni iliyoikodi meli kwa muda, na sasa hata simu haipokei.

Hatua ya 1: Usikimbilie kubishana na deni. Omba nakala ya madai na hati ya kiapo iliyotumika kuombea amri. Tafuta mambo mawili tu: dai ni la aina gani, na nani anatajwa kuwa mdaiwa.

Hatua ya 2: Pima mamlaka ya mahakama. Hapa ndipo kesi nyingi za aina hii hushinda au hufa, kwa hiyo tukae kidogo. Kifungu cha 4 cha Judicature Act, Sura ya 8, kinaipa Mahakama Kuu ya Kenya mamlaka ya mambo ya bahari kama yale ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Ndiyo maana wakili wa Mombasa hufungua sheria ya Uingereza ya 1981, Senior Courts Act, vifungu vya 20 na 21.

Kifungu cha 20 kinaorodhesha madai yanayokubalika, na mafuta ya kuendeshea meli yamo. Kwa hiyo hapo mwenye meli hana hoja. Kifungu cha 21(4) ndicho chenye meno. Kwanza kinauliza: mtu anayewajibika kwa deni hili, je, deni lilipozuka alikuwa mwenye meli, mkodi, au mwenye kuidhibiti? Mkodi wetu anaingia. Kisha kinauliza: siku kesi ilipofunguliwa, je, mtu huyohuyo ndiye mwenye meli, au ameichukua meli tupu na kuweka mabaharia wake mwenyewe? Mkodi wa muda hapo hapiti, kwa sababu nahodha na mabaharia ni wa mwenye meli; basi meli haikupaswa kukamatwa kwa deni lake.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi. Dondoo la usajili la tarehe kesi ilipofunguliwa (si la mwaka jana), mkataba wa kukodi, na stakabadhi ya mafuta. Stakabadhi itazame kwa makini. Injinia mkuu huisaini na kugonga muhuri wa meli, na muuzaji atasema muhuri huo unamfunga mwenye meli. Injinia mwerevu huandika palepale kwamba mafuta ni kwa akaunti ya mkodi. Muuzaji pia anaweza kudai mkodi aliagiza kama wakala wa mwenye meli, basi barua pepe za oda zitafutwe mapema.

Hatua ya 4: Itoe meli. Kila siku nangani ni chakula, maji na mishahara. Weka dhamana: ya benki, au barua ya ahadi ya klabu ya P&I (chama cha bima cha wenye meli) kama mdai ataikubali. Kiasi chake hupimwa kwa dai la juu kabisa linaloweza kutetewa, pamoja na riba na gharama, bila kuzidi thamani ya meli. Barua iseme wazi kwamba haki ya kupinga mamlaka imebaki palepale.

Hatua ya 5: Peleka ombi la kufuta amri, na ukifika mahakamani andika kwamba unapinga mamlaka. Usiwasilishe utetezi wa deni kwanza. Katika kesi ya meli Lillian S, 1989, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufani alisema mamlaka ndiyo kila kitu, bila hayo mahakama haiwezi kupiga hatua moja zaidi. Siku hizi wanasheria wa Kenya huyanukuu maneno hayo hata kwenye kesi za mashamba, lakini yalizaliwa kwenye mgogoro wa meli.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kama dai ni mishahara ya mabaharia?
Hapo mambo hubadilika, ndugu yangu. Mshahara wa baharia huifuata meli hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Muuza mafuta hana haki hiyo katika sheria tunayoifuata. Ukikuta dai la mishahara, lipa au weka dhamana, bishana baadaye.

Mdai anaweza kukamata meli nyingine ya kampuni hiyohiyo?
Ndiyo, kama mdaiwa ndiye mwenye hiyo nyingine. Lakini kampuni nyingi husajili kila meli kwa jina la kampuni yake, na katika kesi ya meli Evpo Agnic, 1988, mahakama ya Uingereza haikukubali kwamba kuwa kundi moja kunatosha.

Shikamoo mwalimu. Sisi wa Kisumu, ziwani, inatuhusu?
Marahaba. Inawahusu. Kifungu cha 4 cha Judicature Act kinataja maziwa.

Amri ikifutwa, mwenye meli atalipwa hasara?
Kwa shida. Tangu kesi ya meli Evangelismos, 1858, lazima athibitishe nia mbaya au uzembe wa kupindukia wa mdai. Mdai aliyekosea tu kwa nia njema kwa kawaida hulipa gharama za kesi, basi.