Usiku, sikilizeni kambo anavyokoroma

Ninyi mnaolala nyumba moja na kambo (babu au bibi yenu) hapa Lubumbashi, usiku mmoja kaeni mlangoni mumsikilize. Kama mkoromo unakatika ghafla, kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka akivuta hewa kwa nguvu, msiseme ni uzee tu: huenda ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Kila pumzi inapokatika, oksijeni hushuka na tansio (presha ya damu) hupanda, saa ileile ambayo moyo ulipaswa kupumzika. Mrekodini kwa simu, mumpeleke kwa daktari na hiyo video, maana mwenyewe hatakumbuka kitu. Asubuhi atalalamika kichwa tu, mchana anasinzia kwenye kiti. Kwa sasa alale ubavu. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ya jioni aiache kabisa, inalegeza koo. Na dawa za usingizi asijinunulie, tafadhali.