Paka wa ghorofani

Kama una paka na unakaa ghorofani hapa Mkomani, ule ukuta mfupi wa ukingoni kule juu, chini ya paa la makuti, usiuamini. Paka anaumudu, lakini akishamwona njiwa haoni tena ukingo. Funga wavu wa matundu madogo, ukaze kama ngozi ya ngoma, maana ukilegea atanasa kucha. Waya wa kuku? Hewa ya chumvi itautia kutu upesi. Madirisha nayo usiyasahau.

Akianguka, hata akiinuka na kutembea, mtie kwenye boksi umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kifua huweza kuumia ndani bila alama nje. Parasetamoli yetu usimpe hata kipande, humuua paka.