Kusoma digrii ya muziki ukiwa huku kusini, bila kuacha kazi wala korosho

Watu wawili watatu wameniuliza hii kitu, mmoja kijana wa kwaya huku Masasi, mwingine dada wa Lindi mjini anapiga kinanda kanisani, swali lao moja tu: hivi mtu anaweza kusoma digrii ya muziki bila kuhama, yaani anaendelea na kazi yake, anasoma usiku anasoma wikiendi. Jibu ni ndiyo inawezekana ila kuna mambo yatakupiga chenga usipoyajua mapema, mimi yamenipiga karibu yote. Nafundisha sekondari, nina shamba la mikorosho la mzee wangu ambalo lazima nilisimamie, na muziki nasoma pembeni. Kwahiyo ninachoandika hapa ni cha mtu mwenye mambo mengi.

Kwanza tuelewane. Watu wakisikia masomo ya kujipangia muda wanadhani ni masomo mepesi. Hapana. Unachojipangia ni muda wa kukaa kwenye kitabu, masaa yenyewe hayapungui hata moja. Vyuo vya Uingereza krediti moja inahesabiwa kama masaa 10 ya kusoma, na digrii ya kwanza kamili (wao wanaiita honours) ni krediti 360. Anayesoma full time anachukua 120 kwa mwaka, anamaliza miaka mitatu. Ukichukua 60 kwa mwaka ni masaa 600, na mwaka wao wa masomo ni kama miezi tisa, gawanya mwenyewe utaona ni masaa 16 au 17 kila wiki, kwa miaka sita. Ukichukua 30 inashuka mpaka kama masaa 8 kwa wiki lakini hapo ujue unaongelea miaka 12. Kaa na mwenzako nyumbani muongee kabla hujalipa hata senti, maana hayo masaa yatatoka kwake pia.

Sasa wapi pa kusoma. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya sanaa bunifu ambako muziki unasomwa, na Makumira kule Usa River karibu na Arusha wana digrii ya muziki inayosifika, ila kote huko ni kwenda kukaa chuoni. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, ni cheti na diploma, siyo digrii, lakini usiidharau, mtu asiye na form six anaweza kupanda kwa ngazi hiyo. Na kama form six yako haikukaa vizuri, Chuo Kikuu Huria wana vituo Mtwara na Lindi, na wana kozi ya foundation ya kukuandaa kuingia chuo kikuu, hiyo unaisoma ukiwa hapahapa.

Kwa mtandao kabisa, majina mawili utakutana nayo mapema. La kwanza The Open University ya Uingereza, ilianzishwa 1969, masomo yake mengi ya digrii hayadai vyeti vya kuingilia, na muziki wanafundisha. La pili Berklee Online ya Boston, Marekani, wao wana muhula wa wiki 12, mihula minne kwa mwaka, digrii yao ni masomo 40 ya krediti tatu tatu. Berklee ni pazuri lakini ada yake jamani, somo moja linapita dola 1,000, zidisha mara 40 halafu ukanywe maji. Na kuna suala la saa. Boston wako nyuma yetu masaa 7 au 8 kutegemea na msimu, darasa la saa moja jioni kwao wewe ni saa nane au saa tisa usiku, na asubuhi una kipindi cha kwanza form two. Uingereza ni afadhali, tofauti ni masaa 2 au 3, ila nao wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya Machi, kwahiyo darasa ulilozoea saa mbili na nusu usiku ghafla linakuwa saa tatu na nusu. Mimi mara ya kwanza niliingia nikakaa lisaa lizima peke yangu nikidhani intaneti imekufa.

Kabla hujamlipa mtu yeyote wa nje fanya vitu viwili. Angalia kama kozi hiyo inapokea mtu anayeishi Tanzania, maana kuna kozi zina orodha ya nchi. Halafu waandikie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, waulize kama shahada ya chuo hicho iliyosomwa kwa mtandao itatambulika hapa, na jibu lao lihifadhi kwa maandishi. Usije kumaliza miaka sita halafu mwajiri anakwambia lete ithibati ndo unaanza kuhangaika. Na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa digrii ya mtandaoni ya nje usiuweke kwenye hesabu zako kabisa.

Haya, pesa na kalenda, hapa ndo watu wa kusini tunaumia kuliko wengine. Open University masomo mengi yanaanza Oktoba na kujiandikisha kunafungwa kabla ya hapo. Sasa sisi pesa inakuja lini? Minada ya korosho inaanza hiyohiyo Oktoba, unapeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), unapima, unasubiri mnada, unasubiri malipo, mpaka hela iingie akaunti ni Novemba au Desemba na wakati mwingine unavuka mwaka. Kwahiyo ada ya Oktoba hii ni lazima iwe imetoka kwenye korosho za msimu uliopita, hakuna njia nyingine. Mwaka wa kwanza nilijidanganya nikakopa kwa mtu nikitegemea mnada wa kwanza, sitaki kuongelea riba. Siku hizi malipo ya korosho yakiingia nachomoa ada ya mwaka unaofuata palepale kabla sijaona bati wala pikipiki, naweka kwenye akaunti ambayo kadi yake haikai nyumbani. Na uweke na ziada kidogo maana ada ni kwa pauni, shilingi ikishuka wewe ndo unalipia. Mwenye ufuta, watu wa Ruangwa na Nachingwea, nyie mna bahati, ufuta unauzwa katikati ya mwaka na hela inawahi Oktoba vizuri kabisa.

Na msimu wenyewe unagongana na wiki za mwanzo za masomo. Watu wanaokota korosho, wewe unatakiwa usome sura tatu na uandike zoezi la kwanza. Nilichofanya mwaka wa pili ni kuomba vitabu na ratiba mapema, Agosti na Septemba nikasoma vya wiki nne mbele, mpaka mnada unachanganya mimi niko mbele na sina presha. Kama kozi yako ina mwanzo wa Februari, chukua huo bila kufikiria mara mbili.

Sasa twende kwenye muziki wenyewe, maana huku ndo kuna ukuta halisi na hauhusiani na hela.

Wengi wetu tumekulia kwenye solfa. Mwalimu wa kwaya anaandika d r m ubaoni, soprano alto tena besi kila mtu anachukua yake, wiki mbili wimbo umekaa. Hiyo ni elimu kubwa kuliko unavyofikiri, kuna watu wanaingia digrii hawawezi kusikia sauti ya tatu ndani ya chord, yaani noti zinazolia pamoja, wewe unaisikia tangu una miaka kumi. Lakini chuo hakitakuletea solfa. Kitakuletea mistari mitano, kila kitu, kuanzia wiki ya kwanza, na wanategemea unasoma nadharia karibu na kiwango cha grade 5 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Usianze kujifunza hiyo baada ya kujiandikisha. Jipe miezi sita kabla.

Njia iliyonisaidia ni hii. Chukua wimbo wa kitabuni unaoujua kwa solfa mpaka usingizini. Chukua karatasi, chora mistari mitano, uandike ule wimbo kwenye key ya G, yaani do inakaa kwenye G. Do ni G, re ni A, mi ni B, fa ni C, so ni D, la ni E, na ti ni F shapu, ndo maana kuna ile alama moja ya shapu mwanzoni mwa mstari. Kesho yake wimbo uleule uandike kwenye F, do ni F, na sasa fa ndo inakuwa B flati. Siku ya tatu kwenye D. Ukifanya hivyo wiki moja kitu kinafunguka kichwani, unagundua do inahama lakini mistari haihami, na zile alama za mwanzoni ambazo zilikuwa zinakutisha kazi yake ni kuonyesha do imekaa wapi. Dakika 20 kwa siku zinatosha ila iwe kila siku, siyo masaa mawili Jumamosi. Ukimaliza soprano hamia besi na alama yake ya mwanzoni mwa mistari (bass clef), hiyo itakuchelewesha zaidi, vumilia.

Vya bure vya kusaidia vipo. OpenLearn ya haohao Open University wana kozi fupi ya bure ya utangulizi wa nadharia ya muziki, anza nayo, ndo itakuonyesha kama Kiingereza chako kinatosha pia. MuseScore ni programu ya bure ya kuandika noti, unaandika inakupigia, na inafanya kazi bila intaneti. Kompyuta yako kama ni ya zamani weka toleo la 3, la 4 ni zito. Audacity kwa kurekodi, tovuti ya IMSLP kwa kupata noti za watunzi wa zamani ambazo hakimiliki yake imeisha. Na ukitaka cheti cha kuonyesha kiwango chako, ABRSM tangu 2020 wana mitihani ya nadharia grade 1 mpaka 5 kwa mtandao na ya kupiga chombo kwa kutuma video, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar.

Kwenye hamonia jiandae kuambiwa umekosea kitu ambacho sikio lako linakipenda. Sisi tukiimba kwa kusikia, sauti zinapenda kutembea sambamba, na inapendeza. Mwalimu wa mtandaoni atapiga mstari mwekundu kila zinapotembea sambamba kwa kwinti (umbali wa noti tano, kama do na so) au oktava (do na do ya juu yake). Usibishane, ni sheria za mtindo mmoja wa Ulaya wa zamani, jifunze kama unavyojifunza sarufi ya lugha ya mtu. Jumapili endelea kuimba kama kawaida.

Upande wa pili una mali. Masomo ya muziki siyo Bach peke yake, kuna utafiti wa muziki wa jamii, na hapo mtu wa Newala au Tandahimba amekaa juu ya ghala. Ngoma ya sindimba tu peke yake ukitaka kuiandika inatosha insha nzima. Ukijaribu kuandika mapigo usiyalazimishe kwenye 4/4 (mapigo manne ya kawaida) kwa sababu programu imefungukia hapo, jaribu 12/8 (mapigo manne, kila moja limegawanyika mara tatu), andika kila mpigaji mstari wake, utaona wawili hawaanzii sehemu moja na hapo ndo utamu ulipo. Kaa na wazee wapigaji, nenda na soda au sukari, usianze na simu mkononi. Omba ruhusa, na chuo kitataka ruhusa hiyo iwe na ushahidi. Na kitu kimoja nakuomba kwa dhati, nyimbo za ndani za unyago na jando usizirekodi uzipeleke chuoni hata kama shangazi yako amekubali kukuimbia. Hizo si zake peke yake. Ngoma ya uwanjani ipo ya kutosha.

Kurekodi kazi zako za kupiga nako kuna vituko. Feni ya darini inasikika, mvua kwenye bati ndo usiseme, na jogoo wa jirani yumo kwenye zoezi langu moja mpaka leo. Mimi narekodi saa tano usiku, feni imezimwa, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, simu imewekwa mita moja hivi kutoka kwenye spika ya kinanda. Kupiga pamoja na mtu kwa mtandao sahau, sauti inachelewa kufika na mtakosana mapigo, bora kila mtu arekodi kipande chake muunganishe. Umeme ukikata usikukute na kazi ambayo hujaisevu, na usitume dakika za mwisho, tuma siku mbili kabla. Video za masomo zishushe kwa bando la usiku, na zikiwa na maandishi yake soma maandishi, MB zako zitapumua.

Kwa wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Kilwa, wote mnaokaa karibu na bahari, chumvi inakula vyombo. Gitaa futa nyuzi na kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, usipofanya hivyo zinashika kutu haraka sana, na seti nzuri ya nyuzi huku siyo ya kuikuta kila duka, agiza mbili mbili mtu akitoka Dar. Kinanda kifunike na shuka, siyo nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Changu besi mbili za chini zilikufa hivyo hivyo, nikafanya zoezi zima la mwisho wa muhula nikiwa nazikwepa, na mwalimu akaniandikia kwamba amependa jinsi ninavyotumia ukimya kwenye mkono wa kushoto.