Spika za gari zikae wapi? Mwongozo kwa wenye IST, Vitz na magari ya aina hiyo

Kijana mmoja wa Makorora, hapa Tanga, aliniletea IST yake ikiwa na spika mbili za umbo la yai, inchi 6 kwa 9. Alikuwa amezipachika kwenye kibao cha nyuma kinachofunika buti. Kibao chenyewe chepesi, besi ikipiga kinatetemeka chote. "Fundi, spika nimenunua kwa bei, mbona napata kelele tu?" Spika zilikuwa nzima kabisa. Tulihamishia nguvu zote mbele, na haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kununua chochote

Pesa yako ipeleke milango ya mbele. Ukienda kwenye taarab hukai umewapa mgongo wapigaji, sasa kwa nini ndani ya gari muziki ukutokee kisogoni? Spika za nyuma ni za abiria wa nyuma, basi. Kama bajeti inatosha jozi mbili za kawaida, mimi nanunua jozi moja nzuri ya mbele, ile ambayo twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, imetengwa na spika kubwa, na nyuma naacha zilizokuja na gari.

Spika kubwa, inchi 6.5, inakaa chini mlangoni pale pale palipotobolewa na kiwanda. Twita ndiyo ya kufikiria. Sauti nyembamba hupita kwa mstari ulionyooka, goti likikaa mbele yake umeikosa. Kwa hiyo ipandishe juu, kwenye ile pembetatu ya plastiki upande wa ndani wa kioo cha pembeni, uielekeze katikati ya viti viwili vya mbele. Juu ya dashibodi sipapendi: sauti inagonga kioo cha mbele na kurudi, halafu jua letu linalegeza gundi ya utepe hadi twita inalala chali. Wengine hutoboa nguzo iliyo kati ya kioo cha mbele na mlango. Ukiona pameandikwa SRS AIRBAG hapo, usiguse. Nyuma ya plastiki ile kuna mfuko wa hewa, na skrubu yako haina kazi humo.

Wapo wanaosifia kufunga pale chini pembeni ya miguu, karibu na pedali, kwa hoja kwamba umbali wa kushoto na kulia kwenda sikioni unakaribiana. Hoja ni ya kweli. Ila kwenye gari dogo nafasi hiyo ina nyaya na kamba ya kufungulia boneti, na kiatu chako kitaimaliza spika. Kwangu hapana.

Sabufa iweke kwenye buti bila wasiwasi. Wimbi la besi la hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 4, ni refu kuliko IST yenyewe, na sikio haliwezi kujua linatokea upande gani. Ndiyo maana sabufa ya nyuma bado inasikika kama iko mbele, mradi isipewe sauti za juu.

Hatua ya 2: Fungua paneli ya mlango

Skrubu zimejificha nyuma ya kitasa na kwenye mkono wa kuvutia mlango. Kilichobaki ni klipu. Tumia kabari ya plastiki.

Hatua ya 3: Pima kina

Teremsha kioo mpaka mwisho ndipo upime nafasi ya sumaku. Kioo kikiwa juu kila spika inaingia.

Hatua ya 4: Ziba mlango

Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka na wateja wanadhani wameuziwa spika feki. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Sauti hizo mbili zikikutana zinauana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Kwa hiyo spika ya mlangoni inahitaji boksi, na boksi lake ni mlango. Sasa chungulia huo mlango: bati la ndani lina matundu makubwa yaliyofunikwa kwa plastiki laini tu. Boksi lenye madirisha.

Toa plastiki ile taratibu, safisha gundi nyeusi kwa petroli kidogo na kitambaa, mbali na moto na milango yote ikiwa wazi. Matundu makubwa yafunike kwa vipande vya bati la alumini, halafu juu yake bandika shuka za butili, mpira laini unaonata, zenye karatasi ya alumini juu, uzikandamize kwa roli hadi zishike. Kipande kingine cha butili kibandike kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Si lazima ufunike bati zima, robo yake inatosha kuondoa mlio wa bati tupu.

Tahadhari ni nyingi, zisome zote. Usitumie ile shuka ya lami ya kuezekea eti kwa kuwa bei yake ni nafuu: gari likiegeshwa juani inalainika, inateremka, inanuka. Usijaze vipande vya godoro. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku ya masika kupitia mpira wa kioo, na kiwanda kilijua hivyo, ndiyo maana chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Godoro litayanywa, na kwa hewa ya chumvi ya hapa Tanga mlango utaoza kutokea ndani. Vitundu hivyo vya chini usivizibe hata kimoja. Na kabla ya kufunika tundu lolote, pandisha na kushusha kioo, funga na fungua kitasa, hakikisha hakuna fimbo inayogusa bati lako. Tundu la kufikia mota ya kioo lifunike kwa bati la skrubu, ili siku mota ikifa usianze kuchana butili.

Pete ya kushikia spika ichongwe kwa plaiwudi ya boti ya milimita 18, na uipake rangi ya mafuta pande zote pamoja na ukingo. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, inachongeka vizuri, lakini ikilowa inavimba na skrubu zinatoka zenyewe. Kati ya pete na bati weka silikoni. Kati ya spika na paneli weka ukanda wa sponji ngumu kuzunguka, ili sauti itoke kwenye wavu na si kupotelea nyuma ya paneli.

Hatua ya 5: Waya

Usiamini rangi za waya za gari lililopita mikononi mwa watu. Chomoa waya kwenye redio, kisha gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwenye ncha zake: karatasi ya spika ikitoka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi inapotea na mwimbaji anakosa mahali pa kukaa. Twita nayo isiunganishwe bila kapasita yake, kile kifaa kidogo kinachozuia besi isiiunguze.

Hatua ya 6: Redio

Sehemu ya HPF, kichujio kinachozuia besi ya chini, weka hezi 80 kwa spika za milango kama una sabufa. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo spika ya kulia inakuwahi. Kama redio yako ina sehemu ya kuchelewesha sauti, pima kwa futi kamba kutoka kichwani hadi kila spika. Kila sentimita 35 za tofauti ni takriban milisekunde moja, na unayoichelewesha ni ya karibu. Redio isiyo na sehemu hiyo, sogeza balansi kushoto kidogo tu.

Jaribu kwa taarab ya zamani yenye fidla na akodiani, si kwa singeli. Sauti ya mwimbaji ikae katikati ya dashibodi. Kukisikika mtetemo mlangoni, kabla ya kulaumu spika shika fimbo ya kitasa kwa ndani: mara nyingi ndiyo inayogonga bati, na kuizungushia utepe wa kitambaa kunatosha.