Jinsi ya kumkasirikia kiongozi baada ya shambulio la kigaidi, bila kusogeza kiti mbali na jirani

Nianze na aibu yangu. Aprili 2015, Garissa kule Kenya al-Shabaab wa Somalia wameua watu 148, wengi wao wanafunzi wa chuo, mimi niko zangu Tunduma nimefuata spea, nimekaa kwa mama ntilie na chai ya rangi na vitumbua viwili, redio inaongea. Akaingia dereva wa lori mwenye asili ya Kisomali, tunamjua, kila wiki anapita hapo. Akasalimia. Kimya. Mama akamwekea chai bila kumtazama usoni, na mimi nikasogeza kiti changu pembeni. Nilisogeza kiti jamani, mtu ambaye mwezi mmoja nyuma alinivuta na lori lake pale Iwambi gari limekufa na hakutaka hata elfu kumi ya soda!

Hasira yenyewe ilikuwa ya wakubwa, ila wakubwa wako mbali na yeye alikuwa hapo mezani. Kwahiyo haya ninayoandika nimejifunza kwa kukosea, chukueni yatakayowafaa.

Siku mbili tatu za kwanza usiforwadi kitu. Sio picha, sio ile voisi ya "ndugu yangu yuko jeshini kaniambia", hata kama imetoka kwenye group la ukoo. Kwanza nyingi ni za uongo, pili hapa Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinagusa taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili, na ukishafika polisi kusema "mimi niliforwadi tu" sijui kama itakusaidia. Lia, sali, piga simu kwa ndugu, zima data.

Halafu ndio ukasirike, na hapa kuna kazi. Pale kijiweni kwetu Mwanjelwa, Mbeya, likitokea jambo kila mtu anamtukana mbunge, maskini mbunge hana hata askari mmoja wa kumtuma! Jua nani anashika nini. Polisi na Uhamiaji wako Mambo ya Ndani, kwahiyo mtu kapitaje mpakani ni swali la waziri huyo. Jeshi liko Wizara ya Ulinzi. Usalama wa Taifa uko Ofisi ya Rais. Mkoani, mwenyekiti wa kamati ya usalama ni mkuu wa mkoa, wilayani ni mkuu wa wilaya (DC), na hao wawili wanateuliwa na Rais, hukuwapigia kura, ndio maana hawababaiki sana na kelele zako za uchaguzi. Mbunge kazi yake ni kuuliza, basi mbane kwa hilo, kwamba mbona hajauliza.

Sasa swali lenyewe. Mimi nina fomula moja tu: nani aliambiwa, aliambiwa lini, akafanya nini. Chukua 7 Agosti 1998, ile Ijumaa balozi za Marekani zilipolipuliwa, Nairobi wakafa watu 213 na Dar 11, na katika hao 11 wa Dar hakuna Mmarekani hata mmoja. Ukisema "serikali ilizembea" umesema hewa. Ila ukisema balozi wao wa Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa ameshaandika Washington kabla ya bomu kwamba jengo lake limekaa karibu mno na barabara na usalama hautoshi, hapo umemshika mtu shati. Januari 1999 kamati ya Marekani iliyochunguza milipuko hiyo, chini ya Admirali William Crowe, ikatoa ripoti, na ripoti ikasema hakuna mtumishi mmoja aliyekiuka wajibu wake, ni kushindwa kwa pamoja. Pamoja! Mzee mmoja wa kijiweni nilipomsimulia aliweka kikombe chini akauliza, sasa "pamoja" anakaa ofisi namba ngapi?

Ndio maana swali linataka tarehe na cheo.

Kuna kosa lingine tunalipenda sana, kudai kichwa cha mtu halafu tukishapewa tunakwenda kulala. Novemba 2014 Mandera, Kenya, abiria 28 wa basi waliuawa, Wakenya wakaingia barabarani Harambee Avenue kutaka wakubwa wa usalama waondoke. Siku chache baadaye wachimba kokoto 36 nao wakauawa hukohuko Mandera, na tarehe 2 Desemba waziri wa mambo ya ndani Ole Lenku akaondolewa, mkuu wa polisi Kimaiyo akastaafu. Miezi minne tu mbele, Garissa, wauaji waliingia alfajiri na kikosi maalum kikafika mchana. Sisemi wasiondolewe, waondoke! Ila omba na kitu cha pili, mfano kikosi kitafikaje ndani ya saa moja, na nani atatoa ripoti, na itasomwa wapi. Sisi wenyewe baada ya askari 8 kuuawa Jaribu kule Kibiti 13 Aprili 2017, mkuu wa polisi (IGP) Mangu alimpisha Sirro mwezi uliofuata, na vijiweni stori ikawa ni nani kaingia nani katoka.

Pa kupeleka. Kama uko kijijini, mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, uliza pale na hakikisha swali limeandikwa kwenye muhtasari, usikubali "tumelipokea". Ukitaka karatasi za serikali kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaomba kwa maandishi na wana siku 30 za kukujibu. Mambo ya usalama wa taifa watakunyima na wanaruhusiwa, kwahiyo uliza yasiyo siri: familia za marehemu zimelipwa nini, lini, kwa bajeti ipi. Maandamano ni taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla, na jiandae kukataliwa.

Kwa mbunge andika barua, ukurasa mmoja, swali moja. Mwambie aulize Alhamisi kwenye maswali ya Waziri Mkuu au alipeleke kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama. Usitukane humo, matusi yanampa katibu wake sababu ya kuitupa. Peleka kwa mkono na nakala ya pili, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe ionekane. Yangu ya kwanza niliiacha mezani kwa dada wa mapokezi, nilivyorudi baada ya wiki tatu nikaikuta imefunikia chupa ya chai.