Moto wa maweni: kulinda nyumba ya makuti na kuwasaidia wanaouzima

Nyumba nyingi zinazoungua kwa moto wa msituni hazifikiwi na ndimi za moto wenyewe. Zinawashwa na cheche. Kipande cha kuti au gamba la mti hubebwa na upepo, kikatua juu ya paa au kwenye rundo la makumbi (maganda ya nje ya nazi) nyuma ya jiko, kikafuka polepole. Nusu saa baadaye paa linawaka na hapana mtu, kwa sababu wote wamekimbilia msituni na mapanga. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya, ya vijiji vya maweni, yaani ardhi ya mwamba yenye udongo mchache na vichaka, inahusu cheche na mahali zinapotua.

Miezi na saa za kuogopa

Unguja na Pemba tuna vipindi viwili. Cha kwanza ni kaskazi, hasa Januari na Februari, nyasi zilizoota kwa mvua za vuli zikiwa zimeshakauka kwa jua kali. Upepo hutoka kaskazini mashariki na moto husukumwa kusini magharibi. Cha pili ni kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Hewa ni baridi kidogo na watu hujisahau, lakini upepo una nguvu na moto huelekea kaskazini. Basi kila nyumba ina upande mmoja wa hatari wakati wa kaskazi na mwingine wakati wa kusi, na kusafisha kiambo kunafanywa mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Disemba, na tena masika yakishakatika.

Kwa siku, upepo huongezeka kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Anayechoma majani ya shamba saa nne asubuhi kukiwa shwari atakutana na upepo kabla moto wake haujafa. Mioto mingi huanza hivyo hivyo: shamba linalosafishwa, tanuri la mkaa lililoachwa bila mlinzi, mwenge wa mrina asali uliotupwa kwenye majani makavu.

Waliohudhuria Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi, mwezi wa Julai, wameona kibanda cha makuti kinavyoteketea kwa dakika chache tu. Wameona pia wazee wakitazama moshi unaelekea wapi. Kutazama moshi ni desturi ya kufuata hata siku zisizo za sherehe.

Ardhi ya maweni haichimbiki

Vitabu vya huko bara husema chimba mtaro kuzuia moto. Kwenye maweni udongo ni wa vidole vichache, uliojaa kwenye mashimo ya mwamba pamoja na majani yaliyooza na mizizi. Jembe halifanyi kazi. Mkuza, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto, unafyekwa kwa panga na mundu, kisha unafagiwa kwa reki mpaka jiwe lionekane. Watu wengi hufyeka wakaacha majani palepale chini. Huo si mkuza, ni kuni zilizopangwa mstari. Majani yote yatolewe yatupwe upande ulio mbali na moto unakotarajiwa kutokea.

Upana uwe mara tatu ya urefu wa majani yaliyopo. Nyasi za mita moja na nusu zinataka mkuza wa mita nne na nusu hivi. Kwenye vichaka virefu mkuza peke yake hautoshi, cheche zitauruka, lakini huwapa wazimaji mahali pa kusimama na njia ya kurudi.

Pemba mambo ni tofauti kidogo kwa sababu ya vilima na mabonde. Joto hupanda, kwa hiyo moto hukimbia ukipanda mteremko na hupunguza kasi ukishuka. Kadiri ya wazimamoto ni kwamba kila nyuzi kumi za mteremko huongeza kasi karibu mara mbili. Ndiyo sababu mioto ya milimani, kama ule wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, huwa migumu hata wakikusanyika mamia ya watu. Nyumba iliyo juu ya kilima isafishwe zaidi upande wa bondeni, na asitumwe mtu kusimama juu ya moto unaopanda.

Kuzunguka nyumba

Mita moja na nusu kutoka ukutani pasiwe na kitu chochote kinachowaka. Mwaga mchanga au kokoto. Kuni, makumbi, vifuu, makuti ya akiba, madema yaliyozeeka na mikeka viondoke hapo. Mpaka mita kumi, okota majani makavu kila wiki katika miezi ya hatari, na kata matawi yanayogusa paa. Mvinje haufai karibu na nyumba; sindano zake hujikusanya chini na huwaka hata zikiwa na unyevu kidogo. Migomba na mipapai inafaa, ila majani yake makavu yakatwe yasining'inie. Mnazi ulio karibu na paa uparuliwe: makuti makavu na makarara (vifuniko vikavu vya maua ya mnazi) yashushwe, maana kilele cha mnazi kikiwaka hudondosha vijinga vya moto kwa muda mrefu.

Makumbi yanahitaji tahadhari ya peke yake. Nyuzi zake hushika moto bila mwali na hufuka kwa saa nyingi, na maji ya juu juu hayaingii ndani. Rundo la makumbi liwe mita kumi au zaidi kutoka nyumbani.

Viambo vyetu vimebanana, kwa hiyo nyumba moja iliyosafishwa kati ya tano chafu haisaidii kitu. Jambo hili liende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, lifanywe kwa mtaa mzima siku moja.

Maji na vifaa

Kila nyumba iweke pipa la lita 200 lililojaa, ndoo mbili na kata. Usitegemee pampu, kwani umeme huweza kukatika moto ukifika kwenye nguzo. Usitegemee bahari pia. Pwani ya mashariki, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa yakaenda mbali mno, na huwa chini kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, muda mfupi kabla upepo haujachangamka. Maji ya chumvi ya kisimani au baharini yanazima moto vizuri. Baadaye suuza pampu na vifaa vya chuma kwa maji matamu.

Kifaa bora kwa fedha yake ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa mashambani, la lita 16 au 20. Lioshwe mara tatu kuondoa dawa. Tia vijiko viwili vya sabuni ya maji kwa kila lita 20. Sabuni huyafanya maji yapenye kwenye makuti badala ya kuteleza. Ongeza upondo mrefu uliofungwa gunia lililoloweshwa, wa kupigia cheche juu ya paa ukiwa chini, na kiopoo chenye mpini mrefu cha kuvutia makuti yaliyoshika moto.

Moshi ukionekana

Piga simu zimamoto kwanza, kisha sheha, kabla ya kushika panga. Namba ya kituo cha karibu iandikwe ukutani mapema. Sema jina la kijiji, njia ya kuingilia, na kama gari kubwa linapita. Mtu mmoja akasimame barabara kuu kulipokea gari. Magari hupoteza muda mwingi kwenye vichochoro vya maweni kuliko njiani kutoka mjini.

Wazee, watoto na wenye pumu waondoke mapema, waende pwani kwenye mchanga mtupu au uwanja wa mpira, upande ambao moshi hauendi. Wenye pumu wachukue dawa zao za kuvuta. Kitambaa kilicholoweshwa hupunguza majivu na joto la hewa, lakini moshi mwembamba hupita. Ng'ombe na mbuzi wafunguliwe kamba. Mnyama aliyefungwa hana la kufanya.

Funga mtungi wa gesi, utoe nje, uusimamishe kwenye mchanga mbali na nyumba. Petroli ya chupa dukani iondolewe. Lowesha paa upande wa upepo na mgongoni mwake juu kabisa, lakini karibu na wakati cheche zinapoanza kufika: kwa jua na upepo makuti hukauka haraka, na maji uliyomwaga mapema yamepotea. Wawili wabaki kwa kila nyumba wakizunguka na kutazama. Hii ndiyo kazi inayookoa nyumba, na ndiyo hakuna anayeitaka kwa sababu haionekani ya kishujaa. Asipande mtu juu ya paa. Fito zilizooza hazibebi mtu.

Wanaouzima

Vaa pamba: suruali nzito, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu. Jezi na mabaibui mengi ni ya poliesta, huyeyuka na kugandia ngozi. Kandambili kwenye maweni ni majeraha hata bila moto.

Anzieni mkiani, mahali palipokwisha kuungua, mpande kwa ubavu kuelekea kichwani, yaani mbele unakokwenda moto. Msisimame mbele ya moto. Tawi bichi la mita mbili hukandamizwa na kuvutwa kuelekea palipoungua. Ukiliinua juu na kupiga kwa nguvu unarusha cheche nyuma yako. Miali ikifika usawa wa kifua, ondokeni muwaachie wenye gari na vifaa. Kuwasha moto wa kukutana na moto ni kazi ya maofisa wa misitu na zimamoto peke yao. Njia ya kukimbilia ni palipokwisha kuungua, msiingie kichakani.

Wanaobaki nyumbani wapeleke maji: kikombe kimoja kwa kila mtu kila baada ya dakika 15 au 20, pamoja na madafu, tende na uji wa chumvi kidogo. Anayeacha kutokwa jasho, anayeongea ovyo au kuyumba akalazwe kivulini, amwagiwe maji, apelekwe hospitali mara moja.

Baada ya moto

Moto wa maweni hufa juu ukabaki chini. Mizizi na majani ndani ya mashimo ya mwamba huendelea kufuka, ukatokea tena siku ya pili au ya tatu upepo ukija. Mwaga maji, koroga kwa panga au fimbo, mwaga tena. Pitisha mgongo wa mkono karibu na kisiki bila kukigusa. Ukihisi joto, rudia. Anzieni ukingoni, mita 30 kuingia ndani. Lindo liwe siku tatu, hasa adhuhuri na alasiri. Miti iliyoungua shinani huanguka bila sauti, watoto wasitumwe kuni huko.

Paa lililonusurika likaguliwe kwa ndani, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, ukitafuta moshi au harufu. Makombamoyo, yaani miti inayobeba paa, yaliyobabuka yadungwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama zaidi ya unene wa kidole, kombamoyo hilo libadilishwe kabla ya kuezeka makuti mapya.