Namna ya kupiga tizi bila kuondoka na fangasi

Nafundisha tizi Temeke, kwenye jimu ya uani yenye vyuma vya dukani na vingine vya zege tulivyomimina wenyewe. Masika moja, vijana wangu watatu walipata mapunye mgongoni ndani ya mwezi mmoja. Wote walikuwa wakijifutia taulo moja iliyoning'inia msumarini karibu na benchi, haikauki asubuhi wala jioni. Liliniuma sana lile, kwa sababu taulo ile niliitundika mimi. Utaratibu wetu tangu hapo ni huu.

Hatua ya 1: Kagua ngozi nyumbani. Mchubuko, lengelenge lililopasuka, mkato wa wembe, hiyo ndiyo milango. Bakteria aina ya stafilokoki wanaishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila kuwadhuru, lakini wakipata tundu unaamka na jipu. Osha kwa sabuni, kausha, bandika plasta. Jipu likitoa usaha, pumzika mpaka lipone. Kwapa nyoa siku usiyofanya mazoezi.

Hatua ya 2: Beba taulo mbili, ya benchi na ya uso, rangi tofauti. Kanga kuukuu inafaa zaidi kwa benchi maana inakauka upesi. Yangu nimeishonea kifungo pembeni, upande wa juu, ili hata umeme ukikatika vidole vijue upande upi haujagusa benchi.

Hatua ya 3: Safisha kifaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapuliza dawa na kufuta papo hapo. Dawa inahitaji muda ikiwa mbichi juu ya kifaa. Anza na kitambaa chenye maji ya sabuni kuondoa jasho na vumbi, kwa kuwa uchafu unaizuia dawa. Kisha puliza spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe. Ile ya asilimia 95 si bora zaidi. Inaruka haraka mno, na maji yaliyomo kwenye ya 70 ndiyo yanayoisaidia kumuua kijidudu.

Sakafu na mikeka ya plastiki tunatumia klorini ya kufulia nguo nyeupe. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 na vipimo 34 vya maji, acha dakika 10, suuza. Koroga mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo, hewa yake ni sumu. Kwenye vyuma usiiweke, vitashika kutu, na kutu itawachubua viganja.

Hatua ya 4: Mikono. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kabla hujashika simu au uso. Chupa ya maji usiazime.

Hatua ya 5: Bafuni vaa ndala. Ukimaliza, kausha katikati ya vidole vya miguu, hasa kidole cha mwisho na jirani yake, fangasi hupenda kuanzia pale. Halafu vaa soksi kabla ya chupi, ili usiburute fangasi kutoka mguuni hadi kwenye kinena.

Hatua ya 6: Fungua begi ukifika tu. Fua siku hiyohiyo, anika juani, begi lenyewe ligeuze ndani nje. Masika jua likikosekana, piga pasi ya moto kwenye mishono. Raba zitoe soli za ndani zipate hewa.

Hatua ya 7: Mapunye yakitokea, usinunue krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, dawa inayopoza muwasho lakini haiui fangasi. Mmoja wa wale vijana alifanya hivyo. Muwasho ukapoa, duara likafifia, akafurahi, kumbe fangasi zinasambaa mpaka kiunoni. Tumia klotrimazoli tupu, yaani krimu ya kuua fangasi isiyochanganywa na kitu, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, na usiache siku alama inapopotea. Yakienea, au yakiwa kichwani, nenda hospitali: ya kichwani hutibiwa kwa vidonge, krimu peke yake haiyafikii kwenye mizizi ya nywele.